Tupime Wapi? Utabiri wa Bahari ya Hindi na Deni la Vipimo

Kimbunga Hidaya kilipojongea pwani ya Tanzania mwanzoni mwa Mei 2024, waliofuatilia taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa walijua mapema kinakoelekea. Njia yake ilionekana, onyo likatolewa, na tarehe 4 Mei kikafika Mafia. Swali lililobaki mikononi mwa wenye boti na wakuu wa wilaya lilikuwa gumu zaidi: kitafika na nguvu kiasi gani? Usafiri usimamishwe kwa muda gani? Watu wa mabondeni wahame au wangoje?

Njia ya kimbunga huongozwa zaidi na upepo wa juu angani, na anga hupimwa kila siku kwa satelaiti na maputo. Nguvu yake hutegemea mambo mengi, na mojawapo la makubwa limejificha chini ya uso wa bahari: joto la maji katika mita 50 hadi 100 za kwanza. Kimbunga kinapopita hukoroga maji. Ikiwa chini ya tabaka la vuguvugu kuna maji baridi karibu, yanapanda na kukipunguzia nguvu. Ikiwa joto limeshuka hadi chini sana, kinaendelea kulishwa. Satelaiti husoma joto la ngozi ya bahari tu. Kilichopo mita 60 chini lazima kipimwe na chombo kilichoko hapo hapo. Hii ni mojawapo ya sababu kwa nini kwa miongo kadhaa utabiri wa njia za vimbunga duniani umeboreka haraka, huku utabiri wa nguvu zake ukijikokota nyuma.

Nimekuwa nikisikia katika mijadala mingi kwamba utabiri wa bahari yetu utakuwa mzuri tukipata kompyuta kubwa zaidi. Kompyuta zinahitajika, sikatai. Lakini modeli bora za bahari duniani tayari zinahesabu maji ya Mkondo wa Pemba kila siku, kutoka Ufaransa, Uingereza, India na Japani, na matokeo yake yanapatikana bure. Zinachokosa ni habari za kweli za maji hayo. Nashikilia kwamba udhaifu mkubwa wa utabiri wa magharibi mwa Bahari ya Hindi uko kwenye vipimo: viko wapi, vinashuka kina gani, vinafika kwa mtabiri lini, na nani alichagua viwe hapo.

Ili jambo hili lieleweke, inafaa kuona utabiri unavyotengenezwa. Modeli haianzi kila asubuhi kwenye ukurasa mtupu. Inachukua hali iliyoikadiria jana, inaisogeza mbele kwa kanuni za fizikia, kisha inaikabili na vipimo vipya vilivyoingia usiku. Pale kipimo kinapotofautiana na makadirio, modeli huvutwa kuelekea kipimo, kidogo au sana, kutegemea imani iliyowekwa kwa kila upande. Kipimo kimoja hakirekebishi nukta moja peke yake. Athari yake huenea makumi au mamia ya kilomita kulizunguka eneo lake, kwa kufuata uhusiano ambao wataalamu wamekwisha kuukadiria kati ya sehemu na sehemu. Hapo ndipo mahali pa kipimo panapokuwa na thamani. Vipimo kumi kwenye eneo ambalo modeli inalifahamu vizuri havisaidii kama kimoja kilichowekwa pale inapobahatisha.

Dunia ilijifunza hili kwa gharama kubwa mwaka 1982, kwenye Bahari ya Pasifiki. Mwezi Machi na Aprili mwaka ule volkano ya El Chichón nchini Meksiko ililipuka na kurusha angani wingu zito la chembechembe. Satelaiti zilizokuwa zikipima joto la bahari zilitazama kupitia wingu hilo na kusoma maji kuwa baridi kuliko yalivyokuwa. Wakati huohuo meli zilizokuwa mashariki mwa Pasifiki zilituma vipimo vya maji yenye joto la ajabu. Kompyuta za vituo vya hali ya hewa zilikuwa zimepangwa kukataa namba yoyote iliyokuwa mbali mno na wastani wa miaka iliyotangulia. Zikazikataa. Mwezi Oktoba wanasayansi walikutana Princeton, Marekani, na wengi wao hawakuona dalili za El Niño. Ilikuwa imekwisha kuanza, na ikawa mojawapo ya zile kubwa kabisa za karne: mafuriko Ekuado na Peru, ukame Australia na Indonesia.

Naomba msomaji atue kidogo kwenye kisa hiki, maana kina mambo ambayo bado yanatuhusu. Vipimo sahihi vilikuwepo. Mabaharia walipima, wakatuma, ujumbe ukafika. Ulitupwa kwa sababu aliyepanga mfumo aliamini kwamba bahari haiwezi kufanya kisichowahi kuandikwa. Leo maji ya magharibi mwa Bahari ya Hindi ya kitropiki yameongezeka joto kwa takriban nyuzi 1.2 katika majira ya katikati ya mwaka, kati ya 1901 na 2012, kasi iliyopita ya bahari nyingine za kitropiki. Katika bahari inayobadilika hivyo, chujio lililojengwa juu ya wastani wa zamani ni hatari. Kipimo cha ajabu kutoka Kilwa au Lamu kinastahili kuulizwa maswali kabla ya kufutwa.

Baada ya aibu ya 1982 mataifa yalianzisha mpango wa miaka kumi, 1985 hadi 1994, na mwishowe maboya takriban 70 yakatia nanga kando ya ikweta ya Pasifiki, kila moja likiwa na kamba ya vipimajoto iliyoshuka hadi mita 500. Mahali pake palichaguliwa kwa hoja. Joto linalozaa El Niño husafiri chini kwa chini kando ya ikweta, kutoka magharibi kwenda mashariki, kwa wiki na miezi, kabla halijajitokeza juu. El Niño ya 1997 ilifuatiliwa siku kwa siku. Wakenya na Watanzania wanaikumbuka kwa barabara zilizokatika, madaraja yaliyosombwa na mvua iliyovuka mwaka.

Kisha ikaja hadithi ya pili, ambayo husimuliwa mara chache. Mwaka 2012 meli ya Ka'imimoana, iliyokuwa ikihudumia maboya hayo, ilistaafishwa kwa sababu za bajeti. Boya la baharini haliishi bila meli: betri huisha, kamba huliwa na chumvi, vihisi hufunikwa na viumbe, wavuvi hulifunga nyavu zao. Kufikia mwanzoni mwa 2014 maboya yale yalikuwa yakileta takriban asilimia 40 tu ya data zilizotarajiwa. Kazi ya miongo miwili ilikaribia kuporomoka ndani ya miaka miwili kwa kukosa chombo cha kubadilishia betri. Mwaka huohuo wa 2014 ulianzishwa mpango wa kupanga upya vipimo vya Pasifiki, na safari hii swali la kwanza lilikuwa zuri: kila boya linaisaidia nini hasa kazi ya utabiri?

Bahari ya Hindi ndiyo iliyochelewa kuliko zote za kitropiki. Mtandao wake wa maboya, RAMA, ulianza mwaka 2004 kwa ushirikiano wa Marekani, India, Japani, Indonesia, China na wengine. Mpango ulikuwa maboya 46. Upande wa mashariki, karibu na Indonesia na India, kazi ilisonga. Upande wetu ulikumbwa na uharamia wa Somalia. Hakuna kampuni ya bima iliyotaka kusikia habari za meli ya utafiti inayosimama kutwa nzima bahari kuu ikivuta kamba ya boya. Maeneo yaliyopangwa magharibi yakabaki nukta kwenye ramani. Ulipofanyika uchambuzi mpya wa mfumo mzima wa vipimo vya Bahari ya Hindi, mpango ulipunguzwa hadi maboya 33.

Athari yake kwetu ni ya moja kwa moja. Mwaka 1999 watafiti walieleza kwa mara ya kwanza hali tunayoiita Daipoli ya Bahari ya Hindi: mwaka mwingine maji ya magharibi, upande wa Afrika, hupata joto kupita kawaida, na yale ya karibu na Sumatra hupoa. Ikitokea hivyo, mvua za vuli hapa kwetu huwa kubwa. Mwaka 2019 Daipoli ilikuwa na nguvu isiyoonekana kwa miongo kadhaa, na Oktoba hadi Desemba mafuriko yakaitikisa Afrika Mashariki nzima, huku Australia ikiungua. Hali hii haianzii juu ya maji. Kati ya Ushelisheli na visiwa vya Chagos, nyuzi 5 hadi 10 kusini mwa ikweta, kuna ukanda ambapo maji baridi ya chini yako karibu na uso. Mawimbi mapana yasiyoonekana kwa macho husafiri chini kwa chini kuelekea magharibi kwa miezi, yakiusukuma juu au chini mpaka ulioko kati ya maji vuguvugu na baridi. Mpaka ule ukishuka mita chache tu, joto la juu hubadilika, na mawingu nayo. Anayetaka kuwaambia wakulima wa Tana au Rufiji mwezi Agosti vuli itakuwaje, anahitaji kujua kinachoendelea mita 100 chini katika ukanda huo.

Uharamia si tishio pekee: uvamizi wa maboya yenyewe unastahili aya yake. Boya lililotia nanga huvuta samaki. Jodari hukusanyika chini yake kama wanavyokusanyika chini ya kitu chochote kinachoelea. Meli za uvuvi hulifuata, nyavu na mishipi hujisokota kwenye kamba, vihisi hung'olewa. Tume ya Jodari ya Bahari ya Hindi, yenye makao yake Ushelisheli, ilipitisha mwaka 2011 azimio linalokataza kuvua ndani ya maili moja ya boya la data. Tanzania, Kenya, Msumbiji na Komoro ni wanachama. Leseni za uvuvi wa bahari kuu hutolewa na nchi zetu, waangalizi hupandishwa melini, vyombo hufuatiliwa kwa satelaiti. Kuangalia kama meli yenye leseni yetu ilikesha pembeni mwa boya hakuhitaji chombo kipya wala fedha mpya.

Pale maboya yaliposhindwa, roboti za Argo zimeziba sehemu ya pengo. Mpango huu ulizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, ukafikisha roboti 3,000 mwaka 2007, na leo zinakaribia 4,000 katika bahari zote. Kila moja ni bomba refu lenye urefu wa karibu kimo cha mtu, na antena juu. Ikishatupwa majini huzama hadi mita 1,000 na kubebwa na maji huko kwa siku tisa hivi. Kisha hushuka hadi mita 2,000, hugeuza, na kupanda taratibu kwa saa kadhaa ikipima joto, chumvi na mgandamizo mita kwa mita. Ikifika juu hutuma kila kitu kwa satelaiti, halafu huzama tena. Siku kumi kwa mzunguko, miaka minne au mitano hadi betri iishe. Wakati uharamia ulipokuwa umepamba moto, Australia iliomba msaada wa majeshi ya majini, lake na la Marekani, ili roboti hizi ziweze kutupwa magharibi mwa Bahari ya Hindi.

Kwa bahari kuu sijaona chombo kilichobadilisha utabiri kuliko hiki. Lakini tuupime mpangilio wake kwa macho ya pwani yetu. Lengo ni roboti moja kwa kila nyuzi tatu za latitudo na longitudo, yaani kama kilomita 300. Huo ni karibu sawa na umbali uliopo kati ya Dar es Salaam na Mombasa. Katikati ya roboti mbili unaweza kupita mzunguko mzima wa maji wenye upana wa kilomita 150 bila yeyote kujua. Tena roboti inayokaa mita 1,000 haiwezi kuishi kwenye maji yenye kina cha mita 40. Mlango wa Zanzibar, kati ya Unguja na bara, ni maji mafupi. Mkondo wa Pemba ni wa mamia ya mita, lakini bado haufiki kina hicho. Kwa hiyo ukanda wote ambamo watu wetu huvua, husafiri na hulima mwani karibu hauna roboti za Argo, na pengo hilo halitazibika hata idadi yake duniani ikiongezwa mara mbili.

Hapa ndipo lilipo swali la mkakati, na kuna njia ya kulijibu kwa ushahidi. Wataalamu huendesha modeli ileile mara mbili kwa kipindi kilekile. Mara ya kwanza huilisha vipimo vyote. Mara ya pili huinyima aina moja, tuseme Argo, au maboya ya mstari mmoja, au satelaiti moja ya kupima kimo cha bahari. Kisha hulinganisha utabiri wa pande zote mbili na vipimo ambavyo havikutumika. Tofauti ndiyo thamani ya kilichonyimwa. Kwa vyombo ambavyo havijajengwa, hutengeneza bahari ya kubuni ndani ya kompyuta, wakachota humo vipimo vya kubuni kana kwamba chombo kipo, na kuona utabiri unasogea kiasi gani. Majaribio ya aina hii yameonyesha tena na tena kwamba bila Argo makosa ya joto na chumvi chini ya uso hupanda, na kwamba satelaiti za kimo cha bahari ndizo zinazoshikilia mizunguko ya maji mahali pake. Chombo kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Majaribio haya yana kasoro moja. Jibu hutegemea modeli iliyotumika. Boya linaloonekana halina faida kwenye modeli moja linaweza kuwa nguzo kwenye nyingine, kwa sababu ya pili inajua kulitumia. Ukiamua kung'oa boya kwa ushahidi wa kituo kimoja unaweza kujuta. Ndani ya Muongo wa Umoja wa Mataifa wa Sayansi ya Bahari, 2021 hadi 2030, kuna mradi uitwao SynObs unaovileta pamoja vituo vya nchi mbalimbali vifanye majaribio yaleyale kwa utaratibu mmoja, ili kinachokubalika na wengi kijulikane. Ni kazi isiyo na mvuto kwa magazeti, na kwa maoni yangu ni miongoni mwa zile zenye faida kubwa kabisa katika Muongo wote. Ningependa kuona wataalamu wa taasisi za bahari za Kunduchi, Buyu na Mombasa wakikaa kwenye meza hiyo wakiwa na swali letu: ni kipimo gani kinachoupunguzia makosa utabiri wa Mlango wa Zanzibar?

Maana kila utabiri una mahitaji yake, na kuyachanganya kumetupotezea muda. Utabiri wa vuli unataka bahari kuu, kina cha mita 100 na zaidi, miezi mapema. Kipimo cha siku kumi kumi kinatosha. Utabiri wa kimbunga unataka tabaka la juu, leo na kesho. Mwezi Oktoba 2014, kabla kimbunga Gonzalo hakijapita kaskazini mwa Puerto Rico, Wamarekani walikuwa na roboti yenye mabawa ikipiga mbizi njiani mwake. Ilikuta tabaka jembamba la maji yenye chumvi kidogo limeelea juu. Maji mepesi ya namna hiyo hukataa kuchanganyika na baridi ya chini, na kimbunga kikaendelea kupata joto lake. Vipimo vile vilipoingizwa kwenye modeli, utabiri wa nguvu ya Gonzalo uliboreka waziwazi. Modeli isiyokuwa navyo ilikuwa na bahari isiyo sahihi tangu mwanzo.

Rufiji humwaga maji yake matamu mkabala na Mafia, na humwaga kwa wingi wakati wa masika, Aprili na Mei. Hidaya kilikuja Mei. Kimbunga Kenneth, kilichoipiga Cabo Delgado kusini mwa mpaka wa Mtwara, kilikuja Aprili 2019. Kile kilichoivunja Unguja na mikarafuu yake mwaka 1872 kilikuja Aprili, na kilichoipiga Lindi mwaka 1952 kilikuja Aprili vilevile. Kupima chumvi na joto kati ya mdomo wa Rufiji na Mafia katika miezi hiyo miwili, kila mwaka, ni mfano wa kipimo kilichochaguliwa kwa swali. Boti ndogo na chombo cha kushusha kwa kamba vinatosha kuanzia. Huko bahari kuu, roboti nyingi za Argo sasa hupokea amri kwa satelaiti. Kimbunga kikiota kaskazini mwa Madagaska, zile zilizo njiani mwake zinaweza kuambiwa zipande kila siku badala ya kila siku kumi. Hilo ni ombi la simu kati ya wataalamu wanaofahamiana.

Kwa boti za abiria mambo ni mengine kabisa. Anayevuka kutoka Dar es Salaam kwenda Unguja hahitaji kujua joto la mita 100. Anahitaji mawimbi, upepo na kasi ya maji kwa saa sita zijazo. Tarehe 18 Julai 2012, kusi ikivuma, meli ya Skagit ilipinduka karibu na Chumbe ikiwa na mamia ya abiria, na wengi hawakurudi. Ajali ile ilikuwa na sababu zaidi ya moja, na sitaki kuipachika yote kwenye utabiri. Ila kila nahodha wa njia ile anajua kwamba bahari ya saa nne asubuhi si ya saa tisa alasiri hata kama upepo ni uleule. Wakati wa bamvua maji hukimbia kwa nguvu mlangoni, na yakikimbia kuukabili upepo, mawimbi husimama wima na kukaribiana. Modeli ya dunia yenye vyumba vya kilomita nane au kumi haiwezi kuliona hilo. Mlango huu unahitaji boya lake la kupima mawimbi na kifaa cha kupima kasi ya maji chini yake, na taarifa zake zimfikie nahodha gatini kabla hajafungua kamba.

Katika ukanda huu ndipo wavuvi wanapoingia, na nasema hivi nikiwa na mifano mkononi. Huko New England, Marekani, tangu mwaka 2001 wavuvi wa kamba-mti wamekuwa wakifunga vipimajoto kwenye mitego yao. Nchini New Zealand mradi wa Moana ulitengeneza kihisi kidogo kinachofungwa kwenye zana ya uvuvi. Zana ikizama kinapima, ikipanda kinapima, na chombo kikitoka majini data huruka hadi kwenye kisanduku cha melini na kwenda kituoni bila mvuvi kubonyeza chochote. Vipimo hivyo vinaingizwa kwenye modeli za utabiri, na vinatoka hasa kwenye maji yale mafupi ambayo Argo haiwezi.

Fikiria jarife linaloshushwa Mkondo wa Pemba usiku na kuvutwa alfajiri. Fikiria dema lililolazwa kando ya mwamba wa Mafia siku nzima. Kila moja limekaa kwenye kina kinachojulikana, kwa muda wa kutosha, mahali ambapo hakuna chombo cha kisayansi. Vihisi vya namna hiyo havifikii bei ya roboti ya Argo, ambayo huvuka dola 20,000. Wavuvi watakubali? Watakubali wakipata kitu. Mvuvi anayetoa kipimo apewe utabiri wa eneo lake kwa lugha yake, kwenye simu yake, kabla hajatoka. Aambiwe joto limebadilikaje pale alipolaza dema. Na asiogope kwamba eneo lake la uvuvi litatangazwa kwa wengine. Wenzetu wa New Zealand walilazimika kuweka masharti hayo ya faragha mapema, na sisi tuyaweke kwa maandishi. Miradi mingi huja kwenye kamati za wavuvi za vijijini, huchukua takwimu, huondoka. Wazee wa pwani wamekwisha kuchoka na hilo, na wana haki.

Kipimo kisichofika kwa wakati ni kumbukumbu, na kumbukumbu ina kazi yake, lakini haitabiri kesho. Vituo vya kupima kujaa na kupwa kwa maji vya Zanzibar na Mombasa vimekuwepo tangu miaka ya 1980, na ni miongoni mwa hazina kubwa za vipimo upande huu wa bahari. Thamani yake kwa utabiri iko kwenye dakika: namba ya sasa itoke sasa hivi, iingie kwenye mtandao wa kimataifa wa hali ya hewa, ifike kwa kila modeli inayohesabu bahari hii. Joto na chumvi zinazopimwa na meli za utafiti, ikiwemo Mtafiti ya Kenya, nazo zinafaa zitumwe zikiwa bado melini. Najua hofu ya watafiti wetu kwamba wengine watawahi kuchapisha. Hofu hiyo ina tiba: data za utabiri zitoke mara moja zikiwa na jina la taasisi iliyopima, na uchambuzi wa kina ubaki na haki ya waliopima kwa muda uliokubaliwa.

Kuna jambo la kisheria pia. Roboti ya Argo haijui mipaka. Hutupwa bahari ya kimataifa na kuelea hadi ndani ya maili 200 za nchi fulani. Tume ya Kimataifa ya Bahari ya UNESCO ina utaratibu wa kuiarifu nchi ya pwani, lakini nchi ikikaa kimya, wenye roboti hubaki na shaka, na wengine huepuka eneo kabisa. Serikali zetu zinaweza kutoa idhini ya kudumu kwa roboti za utabiri, kwa sharti kwamba data zote ziwe wazi. Barua moja kutoka kila mji mkuu, kuanzia Maputo hadi Mogadishu, ingefungua bahari kubwa.

Kuhusu fedha, nina ombi kwa wanaotayarisha bajeti na kwa wafadhili wanaopenda kuzindua. Boya jipya hupigwa picha siku linapotiwa nanga. Betri yake ya mwaka wa tatu haipigwi picha, na bila betri hiyo boya ni taka. Kwa kila chombo kinachonunuliwa, gharama ya kukihudumia kwa miaka kumi iandikwe kwenye mkataba uleule, pamoja na jina la meli itakayokifikia na fundi wa hapa hapa atakayekifungua. Kama fedha hazitoshi kufanya hivyo, tununue vyombo vichache zaidi.

Muongo wa Sayansi ya Bahari unaisha mwaka 2030. Kabla haujaisha, Tanzania, Kenya, Msumbiji, Somalia, Komoro na Ushelisheli zikae na kuandika mpango mmoja wa vipimo vya ukanda huu, kila kipimo kikiwa na utabiri kinaouhudumia. Msimu wa vimbunga hauningoji mimi wala kamati yoyote. Mamlaka za hali ya hewa zianze na mambo matatu ambayo hayahitaji kungoja mkutano: vituo vya kujaa na kupwa vitume namba zake dakika kwa dakika, maji ya mdomo wa Rufiji yapimwe Aprili na Mei, na wavuvi wa kwanza wa Pemba na Mafia wafungiwe vihisi kwenye zana zao kabla ya kusi ijayo.